Nyasi Kavu na Mafuta ya Mkia

Saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, kwa saa ya baba niliyoazimwa kwa zamu ya alfajiri hiyo tu, jikoni kwetu kulinuka mafuta ya mkia wa kondoo yaliyokuwa yakiyeyuka kwenye kibati. Ilikuwa Julai. Kwenye mashamba ya juu ya Karatu, yanayopakana na msitu wa Ngorongoro, Julai ni mwezi wa kuiona pumzi yako mwenyewe. Mahindi yalikuwa yanakaukia shambani na nguruwe pori walikuwa wamekwisha kuangusha mistari kumi na saba. Niliihesabu mwenyewe.

Utaratibu wa majirani haukuwa na huruma. Kila nyumba ya mpakani ilitoa mtu mmoja wa kusimama zamu alfajiri, kwenye njia ambazo nguruwe hupita wakirudi msituni. Nyumba isiyotoa mtu, njia yake haikulindwa. Baba alikuwa amevunjika mguu, mama alikuwa ananyonyesha, na mimi, mtoto wao mkubwa, nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Nilikwenda kwa Baba Safari, jirani aliyepanga zamu, nikamwambia nitasimama mimi. Aliitazama miguu yangu, akacheka.

“Na hivyo vijiti vya kiberiti? Vitaganda kabla jogoo hajawika mara ya pili.”

“Havitaganda, baba.”

“Kila mtu husema hivyo akiwa juani. Baada ya siku tatu ndiyo zamu ya njia yenu. Nikisikia umekanyaga kishindo, naifuta, nanyi mtavuna magunzi.”

Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Nguruwe haoni vizuri, lakini masikio yake ni makali, na mtu aliyesimama muda mrefu kwenye umande huanza kukanyagakanyaga bila kujijua. Basi siku zile tatu nilizitumia machungani. Asubuhi ya kwanza nilifanya kama watoto wote wachungaji: nilizamisha miguu kwenye mavi ya ng’ombe yaliyotoka wakati huohuo. Raha yake haina mfano, lakini ni ya muda wa wimbo mmoja. Unyevu ukishapoa, miguu huuma kuliko mwanzo. Asubuhi ya pili niliota moto kabla ya kutoka, kama walivyofanya wanaume wote. Miguu ikatoka jasho, na jasho likapoa likawa kama maji ya kisimani. Asubuhi ya tatu niligawa. Mguu wa kushoto niliukaza kwa vitambaa vitatu. Wa kulia niliupaka mafuta ya mkia, nikauzungushia nyasi kavu nilizozisugua mpaka zikalainika, nikaufunga kwa kipande cha gunia bila kukaza, kisha nikavaa katambuga ya tairi juu yake. Jua lilipotoka, kushoto sikuwa na vidole. Kulia nilikuwa navyo vitano. Nyuma ya daftari la hesabu niliandika: adui si baridi, adui ni maji, na msaidizi wake ni kukaza.

Alfajiri ya zamu yetu niliifunga miguu yote miwili kama ule wa kulia, nikasimama mpakani na debe na kirungu. Kazi yangu ilikuwa kuwageuza nguruwe wateremke korongoni, ambako wanaume wenye mikuki na mbwa walikuwa wakingoja. Baba Safari alisimama hatua thelathini kulia kwangu, amevaa gambuti mpya na soksi mbili. Nilipopita kwao nilimwona akiota moto. Dakika ya arobaini nilisikia kishindo. Puu, puu. Hakikuwa changu. Nguruwe watano wakaukwepa upande wake, wakaja kwangu. Nilingoja mpaka nikasikia pumzi zao, ndipo nikapiga debe. Wakateremka, na wawili hawakurudi msituni.

Nyama ilipokuwa inagawanywa, kijana mmoja akauliza, “Nani alikanyaga?” Wote wakanitazama mimi. Nikafungua gunia mbele yao, nikachezesha vidole kimoja kimoja.

“Ni mimi,” Baba Safari akasema, akisugua nyayo zake zilizokufa ganzi. Kisha kwa sauti ya chini, “Nyasi hizo ni za wapi, binti?”

“Za darini kwetu, baba. Ziko nyingi.”

Mdharau mwiba mguu huota tende. Zamu ya kwetu haikufutwa, na mistari iliyobaki tuliivuna sisi, si nguruwe.

Leo nimepita miaka hamsini. Hatuui tena, tunafukuza kwa kelele tu, na afisa wanyamapori anajua. Mimi bado nasimama zamu mwenyewe. Julai hii mwanangu, anayeongoza watalii, aliniletea buti za kupandia mlima. “Mama, hizi haziingizi maji hata kidogo.” Nilizijaribu alfajiri mbili uani, nimesimama juu ya gunia ili soli zisichafuke. Ni kweli, hazikuingiza maji. Wala hazikuyatoa: jasho lilibaki ndani na vidole vikafa. Niliandika, nikamsomea.

“Watu watakucheka na hayo magunia yako,” akasema.

“Walishanicheka nikiwa na miaka kumi na miwili. Waulize waliishia wapi.”

Jumamosi tulizirudisha dukani mjini. Muuzaji alizigeuza, akakagua soli, hakupata doa. Akanihesabia pesa zote mkononi: shilingi laki moja na elfu themanini.