Waya wa kijani kwenye mtambo wa barafu

Kwa miaka mingi nilikuwa na hotuba moja tu, na nimeitoa harusini, matangani na hata kwenye foleni ya benki mjini Homa Bay: vyuo vikuu vinatoa mainjinia wa karatasi, waajiri wanataka mikono. Mimi sikufika chuo. Umeme nilijifunza kwa vitabu vikuukuu nilivyonunua Migori, nikivisoma sura baada ya sura, isipokuwa kurasa zilizochanwa. Hilo nilipenda kulisimulia. Sikutaja kwamba zilizochanwa nyingi zilihusu usalama.

Basi mwenye mtambo wa barafu wa Sori, ninakofanya kazi, alipotafuta injinia wa kusimamia mtambo wa pili, aliniachia mimi nitunge mtihani.

"Fundi, wewe ndiye unajua tunachohitaji," alisema.

Nilikubali haraka mno. Nikachomoa waya mmoja ndani ya sanduku la swichi la mtambo wa zamani. Atakayeugundua na kuwasha mtambo katika nusu saa, kazi ni yake. Vijana wawili wa kwanza walishindwa, nami nikafurahi kwa kiasi ambacho mchungaji wangu asingekipenda.

Wa tatu alikuwa dada mmoja aliyekuwa akiuza viatu vya mitumba Rodi Kopany tangu ahitimu. Alisema mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba akikosa hii anarudi kwenye viatu na hatatuma maombi tena.

Alifungua sanduku, asiguse kitu. Akatoa testa ya kupimia umeme, akaigusisha kwenye waya wa kijani. Ikawaka.

"Mzee, nani alifunga hapa?"

"Fundi fulani."

"Yuko hai?"

"Mpaka sasa."

Kijani ni rangi ya waya wa ardhini. Anayeushika anaamini hauna umeme. Mimi niliupitishia umeme nilipofunga mtambo kwa sababu duka la Isebania lilikuwa limebakiwa na kijani tu, na kwa kuwa kila waya niliujua kwa moyo, rangi niliiona kama pambo.

Akazima swichi kuu, akang'oa fyuzi, akazitia mkobani na kufunga zipu.

"Muda wako unaisha," nilimwambia.

"Uishe, mzee. Mengi tuliyofundishwa sijayatumia, lakini hili lilikuwa la wiki ya kwanza: usife."

Nje, wanawake wa samaki walikuwa wamepanga mabeseni yao mlangoni. "Injinia! Barafu iko wapi?" mmoja akapaza sauti. "Samaki mbuta hangojei mtihani, omera, ndugu yangu!" Cheo hicho hunipa wakitaka barafu tu.

Kelele zikamleta mwenye mtambo. "Amewasha?"

"Hapana."

"Basi ameanguka."

Kwa kanuni zangu mwenyewe, ndiyo. Dada alikuwa ameshaanza kurudisha testa mkobani. Ningenyamaza tu, hotuba yangu ingepata mfano mwingine.

"Mpe kazi," nilisema. "Na usimdai fyuzi kabla hatujabadilisha waya."

"Waya gani?"

Nikamwonyesha. Akarudi nyuma hatua moja. "Huo wa kijani? Si ndio mimi huusukuma pembeni kila Sabato ukiwa kanisani, mtambo ukizima?"

Siku ya saba mimi hupumzika. Yeye Mkatoliki hubaki na mtambo. Sikuwahi kufikiria ni nani anayeingiza mkono humo nikiwa naimba.

"Wanaume!" alisema mwanamke mmoja wa samaki mlangoni. "Kumbe tumekuwa tukinunua barafu ya kifo!"

Dada aliajiriwa papo hapo. Kabla ya kubadilisha chochote akaomba mchoro wa nyaya. Nikamwambia kwa fahari kidogo iliyobaki kwamba mchoro uko kichwani.

"Basi kaa hapa, tuutoe," alisema, akivuta kreti ya soda nikalie. Akaweka karatasi juu ya goti na kuunyooshea bisibisi waya wa kwanza. "Huu unaenda wapi?"

Nikautazama kwa makini. "Unaenda..." nilisema. "Hebu ngoja."