Samaki wa Posa

Baba yangu alikuwa fundi wa madirisha misheni, Njombe, enzi za Mwingereza. Mama alishafariki, tukabaki wawili nyumbani, mimi na yeye. Wawili na samaki! Baba alijitengenezea tangi kwa vioo vilivyobaki kazini na fremu ya chuma, akaliweka sebuleni, akajaza samaki wa mawe kutoka Lupingu, ziwani. Ni jamaa ya perege, wadogo kama kiganja, lakini wakali jamani, nyigu ana nafuu.

Mkubwa wao tulimwita Jumbe, dume la bluu lenye milia. Tangi lote lilikuwa lake. Majike yalijificha nyuma ya mawe aliyoyapanga baba, yakitoka kula kwa kuibia. Dume lingine likitiwa humo halifiki jioni. Mwezi wa saba, baridi ikikaza, baba aliweka jiko la mkaa karibu na vioo ili maji yasipoe. Mimi natetemeka jikoni, samaki wanaota moto. Haya.

Ndipo nikaposwa. Kijana alikuwa utingo wa lori, kwao Makambako, na nilimtaka. Leo mimi ni bibi kizee, sioni haya kusema: nilimtaka mpaka nakosa usingizi. Lakini kila mshenga akija, baba anamjibu, "Bado tunafikiri, njooni tena." Anafikiri nini? Nilikuwa nasonga ugali kwa hasira mpaka mwiko unalia.

Safari ya tatu mshenga, baba yake mkubwa yule kijana, aliingia na wazee wenzake, amebeba debe. "Kamwene!" alisalimia kwa Kibena. "Tumesikia mzee unapenda samaki. Kijana wetu amekuletea mwenzao, mzima, kutoka Lupingu." Baba akachungulia ndani ya debe. Mimi niko mlango wa jikoni, nikamwona uso umembadilika. Lilikuwa dume, kubwa sawa na Jumbe.

Kwetu zawadi ya mgeni haiwekwi kando. Ukiletewa kuku wa kufuga, unamwachia uani na wenzake, mwenye kumleta akiangalia. Ukimfungia peke yake, umemwambia mgeni hujampokea, na zawadi ya posa isipopokelewa, posa imekufa. Sasa huyu akiwekwa kando, basi tena. Akitiwa tangini, Jumbe atamuua mbele ya mshenga, na mshenga gani atarudi nyumba iliyoua zawadi yake? Hawa watu walitaka kumfurahisha baba, wakatuletea vita.

"Fahali wawili hawakai zizi moja," baba alisema taratibu.

Mshenga akacheka. "Mgeni njoo, mwenyeji apone! Mtie, mzee, tumwone."

Baba akanitazama kidogo, akainamisha debe, samaki akaingia.

Samaki mgeni alikuwa amepauka kwa safari, akatua chini, anahema. Jumbe akatoka nyuma ya mawe. Rangi ilikuwa imemkolea, karibu nyeusi, mapezi yote yamesimama. Akamzunguka mgeni mara moja, kisha akamvaa. Wakashikana midomo, wanasukumana huku na huku, mchanga unatimka, maji yanaruka mpaka kwenye jiko, mkaa unafuka moshi. Mshenga aliacha kucheka. Kikombe cha chai kilikuwa mkononi mwake, hakukinywa.

Mgeni akashindwa. Alikimbilia pembeni juu, Jumbe akamfuata anamng'ata mkia, vipande vya pezi vinaelea. Nikamtazama baba. Baba hakusogea. Alikaa mikono magotini, anatazama tu, kama mtu anayesubiri hukumu. Mshenga akaanza kutafuta kofia yake.

Wee! Siku ya posa binti haonekani sebuleni, sembuse kusema. Nilichukua sufuria ya ugali, nikapita katikati ya wazee, nikatumbukiza mkono mpaka begani. Jumbe aliniuma kidole, na mimi sikumwachia. Nilimbana kwenye kioo, nikamtia kwenye sufuria, kipenzi cha baba yangu, anapigapiga mkia, maji yananichuruzika kifuani. Nikapiga magoti mbele ya mshenga.

"Baba mkubwa," nilisema, "mgeni wenu ameshapata nafasi."

Nikakimbilia jikoni, nikamtia Jumbe kwenye ndoo ya maji. Nilimsikia baba sebuleni akikohoa, kisha akasema, "Mmesikia wenyewe. Nendeni mkajiandae." Mshenga alishukuru kwa Kiswahili, akashukuru tena kwa Kibena.

Walipoondoka, baba alikuja jikoni. Nilijua nitapigwa. Akachuchumaa karibu na ndoo, akaisogeza kwenye moto, akamtazama Jumbe kwa muda mrefu.

"Siku ile walipokuja mara ya kwanza, nilikuuliza kama unamtaka," alisema. "Ukainamisha kichwa."

"Baba, ningekujibuje mimi? Binti anamwambia baba yake, ndiyo, namtaka?"

"Mimi ningejuaje?" alisema. "Mama yako ndiye angeniambia. Nilidhani humtaki, unaogopa kusema. Nilikuwa nawafukuza kwa ajili yako."