Aproni ya Zamu ya Chakula

Hirasawa Toyoko alikuwa fundi wa vifaa katika studio yetu ya televisheni ya Kawasaki, na kwa tamthilia za uonevu wa shuleni hakuwa na mpinzani. Mimi nilikuwa nikipamba waigizaji chumba cha pili. Dawati lililojaa matusi, pini ndani ya viatu, chombo cha maua meupe mbele ya mtoto aliye hai kana kwamba ameshakufa, yote yalitoka mikononi mwake. Na alikuwa mpole huyo, hata nzi hamuui.

Mwaka mmoja mwongozaji, Bwana Onodera, alimjia akilalamika.

"Dada Toyoko, maua yamechuja. Watu wanapiga miayo. Nitafutie uonevu mpya."

"Aproni," akasema Toyoko, bila hata kufikiri.

Katika shule zetu watoto ndio wanaopakuliana chakula cha mchana. Anayemaliza zamu huipeleka aproni ya darasa nyumbani Ijumaa, mama anaifua na kuipiga pasi, na Jumatatu anaivaa mwingine. Katika tamthilia, aproni iliyotoka kwa msichana wa tabaka la chini darasani hakuna aliyekubali kuivaa. Vigogo wa darasa waliinyanyua kwa koleo la mkate wakaitumbukiza kwenye ndoo ya deki. Toyoko mwenyewe ndiye aliyemfundisha mwigizaji kubenua kidole kidogo. Watazamaji walilia, magazeti yakasifu, sisi tukamnunulia bia.

Baadaye binti yake Kotoha, wa darasa la tano, alirudi siku ya Jumatatu na aproni aliyopokea kwa mwenzake, hajaivaa.

"Mama, ifue tena kabla sijaivaa. Itie jiki."

"Kwani kwao hawajui kufua?"

"Hawajui."

Akaifua, akaipiga pasi, akaja kututambia studio jinsi mwanawe anavyopenda usafi. Nasi tukaitikia, wapumbavu wakubwa.

Siku ya wazazi kutazama masomo, Toyoko aliwahi kufika. Kupitia kioo cha mlango aliwaona watoto wamepanga foleni ya chakula. Kotoha alikuwa ameshika koleo, aproni inaning'inia, kidole kidogo kimebenuka.

"Usipumue, Kotoha!" akapiga kelele mwenzake mmoja.

"Mrudishie Chihaya, avae mwenyewe vijidudu vyake," akadakia mwingine.

Chihaya aliyetajwa alikuwa akitazama sahani yake. Mwalimu alikuwa akipanga maziwa, na aliendelea kuyapanga. Toyoko alitamani ardhi ipasuke immeze. Hakuingia darasani, alisubiri getini.

Walipofika nyumbani alimfokea mtoto mpaka sauti ikakauka. Kotoha alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Lakini mama, si wewe uliyeibuni? Si walikupongeza?"

Alinunua boksi la keki, akamkokota Kotoha hadi nyumbani kwa akina Serizawa, familia ya Chihaya. Njiani alikuwa akijiuliza jambo moja tu: aombe radhi kama mama wa mkosaji, au aseme pia kwamba yeye ndiye chanzo. La kwanza lilikuwa zito. La pili lilikuwa zito zaidi, kwa sababu nyumbani kule hakuna aliyelijua, na angeweza kunyamaza.

Waliinama mlangoni, vichwa karibu viguse sakafu. Chihaya alikuwa amesimama nyuma ya mama yake.

"Inuka, Mama Kotoha, inuka," mama yake akasema. Akashusha sauti. "Afadhali umekuja. Nimebadilisha sabuni, nimeichemsha aproni, nimeianika juani kutwa. Hebu niambie ukweli, mwanamke mwenzangu, nakosea wapi?"

Toyoko aliniambia kwamba hapo ndipo aibu ilipomvua nguo zote.

"Hukosei popote," akasema. "Mchezo huo wa aproni nimeubuni mimi. Kazini. Kwa ajili ya televisheni."

Mama Serizawa hakuelewa. Aliendelea kusubiri ushauri wa sabuni.

Chihaya, ambaye hakukosa kuitazama tamthilia ile hata wiki moja, alielewa. Alimtazama Toyoko kuanzia kichwani hadi miguuni, kisha akaingia chumbani kwake akafunga mlango polepole.