Mlio wa Baiskeli ya Mume Wangu

Mume wangu alikuwa na mapenzi mawili yasiyolisha mtoto: taarifa ya habari ya jioni na baiskeli ya mashindano. Taarifa ya habari ilisema mambo yaleyale kila siku, nani kamwalika nani na nani kamshukuru nani, kwa hiyo sikuwa na ugomvi nayo. Baiskeli ndiyo iliyonitoa roho.

Aliachiwa na mwalimu mmoja mzungu wa kujitolea aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa nyembamba, tairi zake kama vidole, usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume. Haikuwa na karia ya kubebea gunia, wala mahali pa mke kukaa. Tulikuwa tumepanga chumba kimoja mtaa wa Huruma, Eldoret, na baiskeli ililala ndani, ikiegemea ukuta wa upande wa kitanda, watoto wakilala pale palipobaki. Akitoka kazini aliifuta kwanza, kisha akatusalimia.

Nilivumilia kwa sababu moja. Mume wangu alikuwa kibarua katika kiwanda cha nguo. Kibarua ni mtu anayeamka alfajiri kwenda kusimama nje ya geti ili aambiwe kama leo ana kazi au hana. Tulikuwa tumetoka upande wa ziwa tukiwa na matumaini makubwa, na kwa miaka kadhaa matumaini hayo yalisimama getini kila asubuhi pamoja naye. Sasa meneja wa kiwanda, ambaye alipenda michezo kuliko vitambaa, alitangaza mbele ya wafanyakazi kwamba atakayeshinda mbio za baiskeli za mwaka ule, kutoka mjini hadi Kaptagat na kurudi, ataandikwa kazi ya kudumu. Kuandikwa! Niliposikia hivyo nikaanza kuifuta ile baiskeli mimi mwenyewe.

Na mume wangu alikuwa na mbio. Hata wenyeji wa nyanda zile za juu, ambao wanapanda mlima kama wanateremka, walimkubali. Tatizo lilikuwa mlio.

Kwenye tambarare baiskeli ilinyamaza. Lakini akifika mlimani, akasimama juu ya pedali na kuuvuta usukani ili apate nguvu, ilianza: ng'wii, ng'wii, ng'wii, kila mguu na wake. Mimi nilikuwa nikimsikia akipanda kutoka mtoni, najua sasa niweke maji ya ugali. Hilo lilinifaa. Lakini kijana mmoja wa Kaptagat, mtoto wa mkulima, mpinzani wake mkubwa, naye alikuwa amejifunza kuusikiliza.

"Nikisimama tu, anajua," mume wangu aliniambia siku moja ametoka mazoezini, amekata tamaa kabisa. "Hata hageuki. Anasikia tu ng'wii, anaongeza mwendo. Siwezi kumtoroka huyo mtu na hii kelele. Ni kama napiga honi nikienda kuiba kuku."

Basi tukaanza kuutafuta mlio, na hapo ndipo nilipoijua nchi yangu.

Kwanza nieleze kilichotangulia. Miezi michache kabla ya hapo kulikuwa na sikukuu. Mwenyekiti wa tawi la chama (sitaji ni chama gani, kilikuwa kimoja) alitaka msafara wa baiskeli utangulie gari lake hadi uwanjani, kila baiskeli na bendera ndogo. Fundi wa jua kali akatengeneza vishikizo vya bendera kwa vipande vya bomba, vya kufungwa kwenye shingo ya usukani. Mwenyekiti, kwa kuwa alikuwa mtu wa vitendo na kulikuwa na mpiga picha, aliomba spana akafunga cha kwanza kwa mkono wake. Baiskeli iliyokuwa mbele ilikuwa ya mume wangu. Mwenyekiti alikaza bolti upande, huku akitazama kamera, watu wakapiga makofi. Vishikizo vya wengine vilifungwa na watu wa kawaida, na wiki iliyofuata vyote vilikuwa vimeshafunguliwa. Kile cha mume wangu kilibaki. Nani angefungua bolti iliyokazwa na Mwenyekiti?

Mlio ulianza kesho yake. Mtu mwenye akili angejumlisha, lakini miaka ile kujumlisha kulikuwa na hatari zake.

Tulimpelekea fundi wa baiskeli pale Huruma. Akaipanda, akaisimamia, akauvuta usukani. Ng'wii. Nilimwona kwa macho yangu akikitazama kile kishikizo, kisha akiangalia juu, kisha chini, chini kabisa.

"Hii iko na shida huku chini," akasema. "Ekseli ya pedali."

Akaitoa ekseli, akaiosha kwa mafuta ya taa, akatia grisi mpya. Ng'wii. Wenzake wa kiwandani wakasema ni cheni. Cheni ikaloweshwa oili ya mashine hadi suruali za mume wangu zikawa matambara. Ng'wii. Jirani yetu mmoja, aliyekuwa kijana wa chama na kwa hiyo mtaalamu wa kila kitu, alizigonga spoku moja moja kama anapiga gitaa, akasema spoku ya saba ina wivu. Mzee wa kanisa letu alisema huenda ni uzito wa mwendeshaji. Mume wangu alikuwa mwembamba kama ufito, lakini alikubali, akaacha chai ya maziwa kwa wiki nzima. Baiskeli nzima ilifunguliwa na kufungwa tena, nati kwa nati, isipokuwa mahali pamoja. Na kila aliyeifungua alikitazama kile kishikizo kwa jicho la pembeni, kama mtu anayemwona mdai wake kanisani, halafu akainama kushughulika na kitu kingine.

Hasira ilinishika. Mimi ni mtu wa kusema. Marehemu mama yangu alisema nilizaliwa nikijibu. Jumapili moja baada ya ibada nikamwambia mume wangu ashike baiskeli mlangoni, abane gurudumu la mbele kwa miguu na auvute usukani, kulia, kushoto. Nikachukua mwiko wa ugali, ncha moja nikaigusisha kwenye fremu, nyingine nikaitia sikioni. Kwenye pedali nilisikia mlio kwa mbali, kama mtu anayeongea chumba cha pili. Chini ya kiti, mbali zaidi. Nikapandisha mwiko taratibu kufuata bomba hadi shingoni, nikaugusisha kwenye kishikizo cha bendera. Sikio nusura lipasuke.

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikasema. "Ni hii chuma ya Mwenyekiti!"

Mume wangu alirukia radio akaifungulia mpaka mwisho. Kuta za Huruma zilikuwa nyembamba, na jirani mtaalamu wa spoku alikuwa nyumbani. Tuligombana chini ya muziki wa kwaya.

"Mama, wacha hiyo maneno."

"Si tuitoe tu!"

"Tuitoe? Nani ataanzisha mbio? Si ni yeye? Ataangalia bendera yake. Akikosa kuiona, unafikiri meneja ataniandika? Hata hiyo kibarua nitakosa."

Alikuwa na haki. Nilikasirika zaidi kwa sababu alikuwa na haki. Kishikizo hakingeweza kutoka, na hakingeweza kubaki kikilia. Kilichobaki ni kukinyamazisha hapohapo kilipo.

Nikachukua spana yake. Sitasahau uso wake nilipoifungua ile bolti. Ungedhani nafungua kaburi. Ndani tukaona chanzo: kishikizo kilikuwa kipana kuliko shingo ya usukani, na kwa kuwa kilikazwa upande, kilicheza na kusaga chuma kwa chuma. Kilihitaji kitu cha kujaza nafasi. Tulijaribu mpira wa tyubu, ukawa mnene, nati haikushika. Gazeti, ingawa lilikuwa na picha za waheshimiwa watupu, lilisagika mara moja. Boksi la sabuni lilikaa kimya hadi jioni ya kesho yake, kisha likalainika kwa mvua. Tulihitaji kitu chembamba, kigumu, kisichoogopa maji. Nilikaa kitandani nikafikiri, na mkono wangu ukaingia kifuani wenyewe, mahali ambapo kila mwanamke wa sokoni aliweka kitu kimoja siku zile.

Kadi ya chama.

Bila kadi hukuingia sokoni. Mimi niliuza sukuma wiki na nyanya, na pale getini vijana wa chama waliomba kadi kabla ya kuuliza bei. Yangu nilikuwa nimeifunika nailoni kwa sababu ya jasho. Niliipima kwa kidole. Unene wake ulikuwa kamili.

"Hapana," mume wangu akasema kabla sijafungua mdomo.

"Yako ni ya kazi. Meneja atauliza yako. Yangu ni ya nyanya tu."

"Mama, watu wamefungwa kwa kitu kidogo kuliko hiyo."

"Basi fungulia radio."

Mbio zilikuwa kesho yake. Nilikata kipande kwa mkasi wa kushonea, nikakizungusha shingoni mwa usukani, nikakaza bolti sawasawa, kidogo huku, kidogo kule. Kilichobaki, chenye jina langu, nilikitia jikoni chini ya sufuria, kikawaka. Mume wangu akauvuta usukani. Kimya. Akauvuta kwa nguvu zote, mishipa ya shingo ikamtoka. Kimya. Alikaa chini sakafuni akacheka mpaka akalia, na mimi nikacheka naye. Hatukuwa tumecheka hivyo tangu tuje Eldoret.

Siku ya mbio Mwenyekiti alikuja, akatazama bendera yake ikisimama wima, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akapuliza filimbi. Nilisubiri pembeni mwa barabara pamoja na wanawake wengine, nikisali kwa lugha yetu ya nyumbani, maana ndiyo niliyoamini Mungu anaisikia haraka.

Yaliyotokea mlimani nilisimuliwa na yule kijana wa Kaptagat mwenyewe. Alikuwa mbele, mume wangu nyuma yake, na hakuwa na wasiwasi. Alingoja ng'wii kama kawaida. Msitu ulikuwa kimya. Alipumzisha miguu kidogo. Akahisi upepo, akaona kitambaa cha bendera kikimpita usoni, na mume wangu amesimama juu ya pedali anapanda kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Hadi wanarudi mjini hakumpata tena.

"Mama, huyo mzee alinunua baiskeli ingine," alinilalamikia, bado anahema. "Ile yake mi naijua. Ile inalia."

Mume wangu alishinda. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Meneja alimpandisha jukwaani, akauliza kadi yake ya chama, naye akaitoa mfukoni nzima kabisa, nikajipongeza moyoni. Akatangazwa kwamba ameandikwa. Sikuamini. Nilimshika mwanamke aliyekuwa kando yangu, nisiyemjua, nikalia begani kwake.

Halafu Mwenyekiti akachukua maikrofoni.

Alisema ameona kwa macho yake nani ameshinda. Kishikizo kile alikikaza kwa mkono wake, na tangu siku hiyo hakijalegea. Bendera ya chama imepanda Kaptagat ya kwanza na kurudi ya kwanza. Makofi. Akasema baiskeli kama hiyo si ya mtu mmoja tena, ni ya wananchi. Makofi. Akasema bingwa wetu, kwa moyo wake mzalendo, ameitoa kwa chama, nayo itawekwa katika ofisi ya tawi ili vizazi viione. Nilimtazama bingwa wetu. Ndiyo kwanza alikuwa anasikia habari za moyo wake mzalendo. Mkono wake ulikuwa juu ya usukani, na niliona vidole vikikaza, kisha vikiachia kimoja kimoja. Akapiga makofi. Nami nikapiga. Nani hakupiga?

Kuanzia Jumatatu alikwenda kazini kwa miguu, mtu wa kudumu. Hakuizungumzia baiskeli. Jioni aliporudi alisimama kidogo mbele ya ukuta ule mtupu na kitambaa cha kufutia mkononi, kisha akafuta viatu vyake.

Nami getini sokoni nikarudishwa. Hakuna kadi, hakuna nyanya. Ikabidi niende ofisi ya tawi kutafuta nyingine. Baiskeli ilikuwa imesimamishwa kando ya mlango, magurudumu yameshaisha upepo, bendera imepigwa pasi. Karani kijana alikuwa mezani anakunywa chai.

"Kadi ya zamani iko wapi, Mama?"

"Ilipotea."

"Ilipotea?" Aliweka kikombe chini. "Chama inapotea aje, Mama?"

Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka ilipo. Akaingia chumba cha ndani kumuuliza mkubwa wake, na nilipobaki peke yangu niliushika ule usukani kwa mikono miwili nikauvuta kama alivyokuwa akiuvuta yeye. Kimya. Kazi yangu ilikuwa nzuri, na hapakuwa na mtu duniani ninayeweza kumwambia. Niliumia kuliko siku ile ya jukwaa.

Karani aliporudi alinikuta nikiitazama.

"Unajua hiyo ilikuwa inapiga kelele?" akasema. "Watu wote Huruma wanajua. Tangu iingie kwa chama, imenyamaza."

Nilimwambia ni kweli. Akanipa kadi mpya, nikaitia kifuani nikaenda kuuza sukuma wiki. Nimebeba kadi hiyo mpaka enzi zile zikaisha, na kazi yake ilikuwa kutolewa getini na kurudishwa kifuani. Ile ya kwanza ndiyo kadi ya pekee niliyowahi kuona ikimsaidia mtu kupanda mlima.