Wembe Mkali Hauumi

Kinyozi wa karibu na stendi ya mabasi wateja wake walimbatiza jina la Una-Hakika, na jina likamganda. Mwambie mvua inakuja, atakuuliza kama una hakika. Mkewe akileta maziwa ya asubuhi hiyo hiyo, lazima ayanuse kwanza. Siku aliyokwenda kuposa, wakwe walimwambia kwamba binti amekubali, naye akawauliza kama wana hakika. Mkewe hajamsamehe hadi leo.

Watu wa namna hiyo husifiwa kwamba ni werevu. Mimi sisifu. Anayeshuku kila kitu na anayeamini kila kitu ni ndugu wa tumbo moja, maana wote wawili wamekwepa kazi ya kuchunguza.

Sasa kinyozi hula kwa miguu. Mkono ndio unaonyoa, lakini miguu ndiyo inayosimama kutwa nzima kumzunguka mteja. Kisigino chake cha kulia kilipoanza kuuma, hatua ya kwanza ya asubuhi ilikuwa kama kukanyaga msumari. Akitembeatembea maumivu yanalegea, halafu jioni yanarudi kwa hasira. Alipaka kila dawa ya kuchua, akavaa ndala laini za mkewe, akachekwa na mtaa mzima. Kisigino hakikujali.

Aliyemwelewa alikuwa rafiki yake, mlinzi wa geti la shule ya jirani, kwa sababu naye alikuwa na ugonjwa huo huo, tena umemzidi. Walizoea kukaa pamoja saluni kila Jumamosi wakilalamikia visigino vyao kama wazee wa kikao. Lakini mlinzi alikuwa na la ziada. Mwalimu mkuu alikuwa amemwita ofisini akamwambia waziwazi kwamba hataki mlinzi wa kukaa kwenye kiti, na kama muhula mpya utafunguliwa bado anachechemea, atamtafuta mwingine. Mke na watoto wa mlinzi walikula kwa geti lile.

Ndipo mlinzi akaleta habari kwamba hospitali kuu inatafuta watu wenye maumivu sugu ya kisigino, wajaribishiwe mashine ya mawimbi.

"Bure?" Una-Hakika akauliza.

"Bure kabisa, kaka."

"Cha bure kina mwenyewe," akasema, lakini akaenda.

Dokta wa viungo, mama wa makamo mwenye miwani, aliwakusanya wagonjwa kwenye chumba cha viti vya plastiki, akawaeleza bila kuzunguka.

"Mashine hii hupeleka mawimbi ya nguvu ndani ya nyama, pale penye maumivu. Kuna utafiti unaoisifu, na kuna utafiti ambao haukuona tofauti kubwa. Sisi tunataka kujionea. Kwa hiyo tutapiga kura. Baadhi yenu mtapata mawimbi yenyewe, wengine mtapata mashine ya bandia, inayolia vilevile lakini haipeleki kitu. Hata mimi nitakayewapima sijui nani kapata ipi. Mtakuja kwa awamu kadhaa, ukisikia maumivu si ajabu, na wote mtafanya mazoezi ya kunyoosha unyayo nyumbani. Ninaomba jambo moja tu: msikae mkalinganisha."

"Kwa hiyo baadhi yetu tunadanganywa," Una-Hakika akasema.

"Mnadanganywa kwa ridhaa yenu, baba. Ndiyo maana nawaambia mapema. Asiyetaka, mlango ule pale."

Maneno hayo yalimtia wasiwasi zaidi. Mtu anayekutangazia uongo wake mapema, aliwaza, lazima ana mwingine kaufungia kabatini. Alitia saini baada ya kuigeuza karatasi kuona kama kuna kitu nyuma yake.

Kila mgonjwa aliingia peke yake. Mwendesha mashine alikuwa bwana mmoja mnene aliyekatazwa kuzungumza na wagonjwa, na ukimya wake Una-Hakika hakuupenda hata kidogo. Akapakwa mafuta ya baridi kisiginoni, akawekewa kichwa cha mashine, na chumba kikajaa tak-tak-tak kama cherehani bovu. Yeye alisikia mtekenyo tu. Akatoka akikunja uso, ila moyoni akashukuru.

Jumamosi mlinzi aliingia saluni akiburuta mguu.

"Kaka, ile kitu siyo mchezo. Ilinigonga mpaka kwenye meno. Nilishika kitanda kwa mikono miwili. Wewe je?"

Una-Hakika alikuwa na wembe mkononi na mteja mwenye povu kwenye kiti. Akasita, akawaza kama kinyozi.

"Mimi sikusikia kitu," akasema polepole. "Hebu angalia. Huyu ninamnyoa sasa hivi, anataka kusinzia. Kwa nini? Kwa sababu wembe mkali hauumi. Unaouma ni butu. Ule unavuta, unakwaruza, mteja anatoa machozi na ndevu ziko palepale. Ndugu yangu, wewe wamekupa ile ya bandia. Wanakugonga tu waone utavumilia mpaka lini."

"Lakini dokta alisema kuuma kwake si ajabu."

"Dokta alisema! Una hakika? Umeuziwa mbuzi kwenye gunia, na mbuzi mwenyewe anakupiga mateke."

Wateja wakavunjika mbavu. Mke wa kinyozi, aliyekuwa ameleta chakula, hakucheka. "Si mliambiwa msilinganishe?" akauliza. "Shemeji, usimsikilize huyu. Huyu hata mimi alinishuku."

Lakini mlinzi alikuwa ameshikwa. Mtu mwenye maumivu huamini haraka anayemwambia kwamba anaonewa. Hakurudi hospitali. Dokta alimpigia simu mara kadhaa, na Una-Hakika akamshauri asipokee, maana wale watu wana maneno matamu. Mlinzi akaacha na mazoezi pia, kwa kuwa yalitoka kwa watu walewale.

Na Una-Hakika? Yeye alimaliza awamu zake zote. Alisimama kwenye kizingiti cha saluni akiushusha na kuupandisha unyayo, ameshika kiti, wateja wakimuuliza kama anajifunza kuruka. Wiki zikapita. Asubuhi moja alitoka kitandani akafika mlangoni ndipo akakumbuka kwamba ana kisigino. Alifurahi mno, akamwamsha mkewe kumwambia, naye mkewe akamuuliza kama ana hakika.

Muhula ukafunguliwa. Mlinzi alisimama getini akiwa ameegemea nguzo, mguu mmoja hewani, na mwalimu mkuu akamwona. Kesho yake palikuwa na kijana mwingine mwenye sare mpya. Mlinzi akawa amemwaga unga.

Una-Hakika alihubiri saluni kutwa. "Mmeona? Nilisema. Mashine ya bandia imemmaliza mwenzangu, wangempa ile nzuri kama mimi, leo angekuwa getini." Tangu hapo akawa anamnyoa rafiki yake bure, na akajiona mwema. Huo wema wake ulinikera hata kabla sijajua yaliyofuata.

Utafiti ulipokwisha, dokta alimwita kila mmoja peke yake. Alimpapasa Una-Hakika kisigino, akamtembeza, akamrukisha kwa mguu mmoja. Hakuna maumivu. Kisha akafungua orodha aliyokuwa hajaruhusiwa kuiona hadi siku hiyo.

"Wewe ulipata ya bandia," akasema.

Una-Hakika akacheka. Alipoona dokta hacheki, akakatisha.

"Dokta, mimi nimepona."

"Umepona, nami nimefurahi. Kisigino mara nyingi hupoa chenyewe muda ukipita, na mazoezi ulifanya vizuri. Wapo wengine kwenye kundi lako waliopona pia. Ila kati ya waliopata mawimbi yenyewe, waliopata nafuu ni wengi zaidi. Si wote, na si kwa maajabu yanayotangazwa redioni. Lakini ni wengi zaidi."

"Mimi sikusikia maumivu hata kidogo. Mtekenyo tu."

"Ya bandia hutekenya. Yenyewe huuma, hasa kisigino kikiwa kimeharibika sana."

Alikaa akitazama mashine iliyofunikwa shuka jeupe kwenye kona.

"Na mtu aliyeumizwa sana siku ya kwanza, akaacha?"

Dokta alivua miwani. Nadhani alielewa, maana alikuwa amepiga simu nyingi zisizopokelewa. "Habari za mgonjwa mwingine siwezi kukupa. Lakini mara moja haitoshi. Mtu wa hivyo ni sawa na asiyetibiwa."

"Angemaliza angepona? Una hakika?"

"Kuhusu mtu mmoja, hapana. Kuhusu watu wengi, kidogo."

Akamwomba dokta nafasi kwa ajili ya rafiki yake. Dokta akasema aje kliniki ya kawaida, atampima na kumtibu, ila asitegemee ahadi. Una-Hakika akashukuru, akatoka. Njiani alitembea vizuri kabisa, na kila hatua isiyouma ilimchoma roho. Angeweza kunyamaza. Rafiki yake hakuwa na njia ya kujua. Wazo hilo lilimfuata hadi kwenye kona ya nyumba ya mlinzi, nami sitamsingizia, hapo alisimama kitambo.

Mlinzi alikuwa mlangoni, mguu ndani ya beseni la maji ya moto. Mkewe alikuwa amekwenda kufua nguo za watu, kazi aliyoianza tangu geti liondoke.

"Karibu, kaka. Mbona uso umekushuka?"

Una-Hakika alimwambia yote akiwa amesimama, bila kupunguza neno. Kwamba yeye ndiye aliyepewa ya bandia. Kwamba ile inayouma ndiyo iliyokuwa yenyewe. Kwamba simu zile zilikuwa za kumwita akatibiwe. Na kwamba dokta atampokea kliniki, ila bila ahadi.

Mlinzi alisikiliza akichezesha maji kwa vidole vya mguu.

"Na wewe umepona," akasema.

"Nimepona. Nisamehe, ndugu yangu. Niliogopa unadanganywa."

"Tuliambiwa sote kwamba huenda tunadanganywa." Mlinzi aliinua macho. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha kinyozi. "Kitu kimoja tu nataka kukijua. Mimi uliniambia niache. Mbona wewe hukuacha?"

Maisha yake yote Una-Hakika alikuwa muulizaji. Alitafuta jibu la kujisitiri, akalikosa, akasema la kweli.

"Yangu niliiamini."

Mlinzi akatikisa kichwa polepole. Akatoa mguu kwenye maji, akaupangusa kwa kitambaa, akaegemea ukuta na kuingia ndani akichechemea. Mlango aliuacha wazi, lakini hakumkaribisha.