Mfalme wa Shaba wa Eickenbeke

Heribert Stratmann, fundi wa mapaa wa Eickenbeke, alikuwa na maneno mengi kuliko misumari. Alikuwa na miaka sitini na miwili, na milima yote ya Sauerland, huko Ujerumani, ilimjua. Hakuna kikao cha chama cha walenga shabaha kilichowahi kuisha kabla hajasimama mara tatu: mara ya kwanza kuunga mkono, mara ya pili kupinga alichokiunga mkono, na mara ya tatu kuuliza bia imekwama wapi.

Basi ikaja habari kwamba wakubwa wa Ulaya wanapendekeza madini ya risasi yabanwe, yasitumike ovyo kwenye bunduki, hata za walenga shabaha, maana yanatia sumu udongo na maji na kuua ndege. Sisi wa Kiswahili hapa tuna kazi kidogo, kwa kuwa madini tunayaita risasi na kinachotoka bundukini nacho tunakiita risasi. Heribert hakuwa na kazi hiyo. Kwake vyote viwili vilikuwa kitu kimoja, na kitu hicho kilikuwa marehemu baba yake.

"Baba yangu ameshika risasi tangu ana miaka kumi na minne!" alifoka kikaoni. "Ameezekea nayo kanisa, ameyeyusha kwenye sufuria ya mama, na amekufa na miaka tisini na mmoja!"

"Amekufa halikumbuki jina lako," akasema Ewald Rinke, mwokaji mikate na mwenyekiti wa chama.

"Hata nikiwa mtoto alikuwa halikumbuki! Tulikuwa tisa!"

Watu wakacheka mpaka meza zikatikisika, lakini Heribert hakucheka. Alieleza kwa ufundi kabisa. Risasi yetu ni laini, ikigonga chuma inalala bapa kama chapati, imetulia. Hiyo ya shaba wanayotaka kutuletea badala yake ni ngumu, ina kichwa kibaya, ikigonga chuma inaruka. "Utalenga huku, itakwenda kule! Hakuna binadamu atakayepiga kitu kwa takataka hiyo. Sherehe yetu ya shabaha imekufa!" Akapita nyumba hadi nyumba na karatasi yake ya kupinga, akarudi na sahihi mia mbili na kumi. Eickenbeke ina watu mia moja na tisini.

Chama cha wilaya kikajibu kwa adabu. Kikaleta katoni ya risasi za shaba, kikaomba zijaribiwe kwenye sherehe ya mwaka ule. Ndege wa kuchonga anayelengwa kwenye sherehe akianguka, aliyemwangusha ajaze fomu: alilenga wapi, alipiga wapi, ana malalamiko gani. Ewald alikubali mara moja, kwa kuwa zilikuwa za bure. Heribert naye akakubali, tena kwa furaha iliyomshangaza kila mtu isipokuwa mkewe.

Hapo sasa niseme siri ambayo Heribert aliamini ni yake peke yake. Kila kiangazi, Jumatatu ya sherehe, ndege huyo wa mti, mwenye mabawa na taji, hutundikwa juu ya nguzo, ndani ya sanduku la chuma lililo wazi mbele. Wanachama humpiga mmoja mmoja, kipande baada ya kipande, na anayeangusha kipande cha mwisho ndiye mfalme wa mwaka. Mkewe huwa malkia. Na jioni ile ile mfalme na malkia hufungua dansi, wao wawili tu katikati ya ukumbi, kijiji kizima kikitazama.

Kutazamwa huko ndiko kulikomtoa Heribert jasho. Siku ya harusi yake alimkanyaga bibi harusi gauni, wakaanguka pamoja juu ya keki ya ghorofa nne. Kijiji kilicheka miaka mitatu. Tangu hapo mguu wake haukugusa dansi tena. Juu ya paa la kanisa alitembea kama paka, lakini ubao wa ukumbi ulimtia kiwewe.

Angeweza kujitoa kwenye mashindano, wala asingekuwa wa kwanza. Nusu ya wanaume hujitoa ndege akianza kulegea. Lakini mkewe, Mechthild, alitaka kuwa malkia. Alikuwa amelitaka jambo hilo tangu msichana, na alilisema wazi bila aibu. Gauni la kijani alilishona miaka ishirini na minane iliyopita, akalipanua kiuno mara mbili, na kila asubuhi ya sherehe hulitoa kabatini akalianika dirishani. Kwa hiyo kila mwaka Heribert alibaki hadi mwisho, kifua mbele, akalenga kwa mbwembwe, kisha akapiga ukuta wa kushoto wa sanduku. Risasi ikalala bapa, ndege akabaki, mwingine akatawazwa. Nyumbani alikuwa na sababu: upepo, jua, bunduki, Ewald kupiga chafya. Asiyejua kucheza husingizia uwanja.

Mwaka ule Mechthild hakutania. Miaka thelathini alipeleka barua kwa miguu kupanda na kushuka vilima vile, na magoti yalikuwa yameisha. Moja lilipangiwa kubadilishwa mwezi wa nane, jingine baadaye.

"Daktari anasema baada ya hapo nitatembea vizuri," alimwambia mumewe wakinywa kahawa. "Kuhusu kucheza dansi hakuniahidi. Ni mwaka huu, baba, au basi tena."

"Mwaka huu nitampiga, mke wangu. Haki ya Mungu." Akameza kahawa, akaongeza, "Ila na hizo shaba zao, usije ukanilaumu."

Mechthild akaenda kulianika gauni mapema.

Jumatatu ikafika na bendi yake, soseji zake na bia za asubuhi. Taji la ndege liliondoka na mkulima mmoja, bawa la kulia likaondoka na mwalimu. Kufikia saa sita mchana kilibaki kipande cha kiwiliwili kilichoning'inia kwa skrubu moja, na wapigaji waliobaki kwenye foleni walikuwa Heribert na kijana wa duka la dawa aliyeonekana anautaka ufalme kwa dhati.

"Haya, Baba Risasi!" wakamtania. "Tuonyeshe jinsi isivyowezekana!"

"Mtaona wenyewe!" Heribert akawajibu, na moyoni alikuwa mwepesi kama siku za ujana. Kwa mara ya kwanza alikuwa na kisingizio chenye sahihi mia mbili na kumi. Akaweka bunduki kwenye kiegemeo, akamwona ndege, akamwacha, akasogeza shabaha hadi ukuta wa kushoto, pale pale pake pa kila mwaka, akapiga.

Chuma kikalia. Na kabla mlio haujaisha, mti ukapasuka. Risasi ya shaba haikulala, iliruka kama alivyohubiri miezi minne mfululizo, ikamchapa ndege ubavuni, na kipande cha mwisho kikashuka kwenye majani.

Lo! Uwanja ulilipuka. Heribert alikuwa bado ameegemea bunduki. Wakambeba mabegani. Bendi ikapiga. Alipotua chini alimkuta bibi wa chama cha wilaya, Annika Dorn, anamngoja na fomu na kalamu.

"Hongera, mzee wangu. Swali dogo tu. Ulilenga wapi?"

Heribert akaitazama fomu. Ushahidi aliokuwa akiulilia ulikuwa huu hapa: shaba inaruka, yeye kaona, yeye kafanya. Mstari mmoja wa kweli na pingamizi lake lingesomwa hadi kwa wakubwa wa Ulaya. Lakini mstari huo ungeanza na maneno "nililenga ukuta." Akainua macho. Mechthild alikuwa anakuja akichechemea kupitia umati, amevaa gauni la kijani, na wanawake walikuwa wanampisha.

"Andika wewe," akasema. "Nililenga ndege. Nimepiga ndege."

"Malalamiko juu ya risasi ya shaba?"

Ewald Rinke akakohoa. Umati ukasogea kumsikiliza Baba Risasi.

"Hakuna," akasema Heribert kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. "Inakwenda... inakwenda inapotumwa."

Akatia sahihi. Pingamizi la Eickenbeke lilikufa hapo, na hata leo ukilitaja kwa Ewald anacheka mpaka unga unamdondoka kwenye ndevu.

Jioni ukumbi ulijaa hadi madirishani. Walimvika mnyororo wa fedha wa wafalme, bendi ikaanza taratibu, nao wakasukumwa katikati, wao wawili tu.  Mechthild akamshika mumewe kiuno kwa nguvu, yeye ndiye wa kuongoza.

"Mke wangu," akanong'ona, "nimetimiza, au sivyo?"

"Chuma kimelia kwanza," akasema Mechthild, akitabasamu kwa watu.

"Nini?"

"Nimepeleka barua miaka thelathini, mbwa wa kijiji hiki nawajua kwa kubweka. Unadhani sijui chuma na mti? Mti hausemi ngaa. Miaka ishirini na minane, Heribert, kila ukipiga wewe, chuma kinalia. Na leo kimelia."

Mwanamume alitaka ardhi impasukie. "Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja uchoke kuogopa." Akamzungusha hatua moja. "Naona shaba imechoka kabla yako."

 Macho ya Heribert yakajaa machozi mbele ya kijiji kizima, na hakuyafuta, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa imemshika mkewe.

"Nitakukanyaga," akasema.

"Kanyaga mguu huu wa kushoto. Goti lake linatupwa mwezi wa nane."