Siku Niliyowapeleka Wazee Kumwona Themanini na Nane Wangu

Bora nikiri mwenyewe, maana hata nisipokiri, ukifika Endamarariek ukauliza nyumba ya Baba Treni utaonyeshwa kwangu, na atakayekuonyesha atacheka kwanza ndipo anyooshe kidole. Jina hilo sikupewa kanisani. Nilijipatia kwa mdomo wangu, mchana kweupe, mbele ya mzee niliyekuwa nataka anipe binti yake.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, miaka ile ya kupanga foleni ya sukari. Mimi kijana, nina shamba la ngano, nina ng'ombe, nimempenda Anjelina binti Mzee Bura wa pale Karatu, na posa ilikwisha pelekwa, bado jibu tu. Kuhusu baba yake nilijua kwamba alikuwa mtumishi huko Tabora akastaafu. Mtumishi wa nini? Sikuuliza. (Anjelina angeniambia, lakini tulikuwa tumekaa pamoja mara tatu tu na mara zote tatu aliyekuwa anaongea ni mimi.) Jumamosi hiyo tukaitwa kwenda kusikia jibu, mimi na mjomba Gwandu ambaye ndiye alikuwa mshenga, na njiani mjomba akanionya: "Mzee akisema jambo, wewe itikia. Usijifanye mjuaji." Hilo la kuitikia nililishika vizuri sana, la pili likanipita.

Tulipofika mjomba akaitwa ndani na mama mwenye nyumba, mimi nikawekwa uani pamoja na Mzee Bura na mgeni wake, Mzee Shabani, rafiki yake wa zamani aliyekuja kumtembelea kutoka Tabora. Hapo uani palikuwa na zizi na ng'ombe wanne. Nikasalimia, shikamoo mzee, marahaba, nikakaa, nao wakaendelea na ubishi wao kana kwamba mimi ni kigoda.

"Hakuna kama Themanini na Nane," alisema Mzee Shabani. "Ana pumzi yule! Mtwishe mzigo, mpandishe mlima, hakohoi."

"Mlafi," akajibu Mzee Bura. "Mimi nipe Sabini na Tatu, yule Mhindi. Mpole, hanywi sana, na asubuhi ya baridi ukimwamsha anaamka."

Sasa wewe niambie ungeelewa nini. Mimi kichwani mwangu mambo yote yalikaa sawa: ng'ombe wa ranchi walikuwa wanapigwa chapa za namba pajani, na madume ya mbegu ya Kihindi nilikwisha yasikia. Basi nikajua wazee wanabishana madume! Nikafurahi, nikasogeza kigoda, maana kwa habari za ng'ombe mtu hawezi kunishinda hapa wilayani.

Lakini kadiri nilivyosikiliza ndivyo nilivyozidi kuchanganyikiwa. Mzee Shabani akasimulia jinsi dume lake lilivyozimika katikati ya safari, wakamfungua tumbo palepale, wakasafisha vya ndani, wakamfunga, na baada ya saa moja akaendelea na mzigo wake. Nikawaza, huyu ni bwana mifugo wa namna gani? Nikataka kuuliza. Swali lilifika mpaka kwenye meno. Halafu nikaona nitaonekana mshamba mbele ya baba mkwe, nikalimeza, na badala yake nikatoa maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka natoka jasho.

"Hata mimi Themanini na Nane ninaye nyumbani."

(Chapa ya dume langu ilikuwa imefifia. Nane ya kwanza ilisomeka, ya pili ingeweza kuwa tatu. Nikaona tofauti ya tano si kitu.)

Mzee Bura akaweka kikombe chini. "Unaye wewe? Umempata wapi?"

"Mnadani, mzee."

Mzee Shabani akampiga mwenzake gotini. "Si nilikwambia! Nilisikia waliozeeka wanauzwa kwa mnada!"

"Ulimletaje huku?" akauliza Mzee Bura.

"Kwa lori. Watu sita walisukuma ndipo akapanda."

"Watu sita tu?" Mzee Shabani akapiga mluzi. "Basi watakuwa wameshamtoa vya ndani. Ni kichwa tu, au mzima?"

"Mzima kabisa," nikasema, na nikaona swali la ajabu kidogo, nani anunue kichwa tu? "Ila ana shida kidogo nyuma, upande wa kushoto."

"Bogi hiyo," akasema Mzee Shabani kwa huzuni, nami nikaitikia, ndiyo mzee, ni bogi, nikidhani ni ugonjwa wa kwato. (Bogi ni ile fremu ya magurudumu. Nilikuja kuambiwa baadaye, na aliyeniambia hakuniambia kwa upole.)

Mzee Bura akaniinamia, sauti imeshuka. "Mwanangu, bado analia?"

"Analia, mzee! Alfajiri majirani wote wanaamka."

Nikaona macho ya yule mzee yamejaa machozi. Hapo nilitakiwa nishtuke. Ni ng'ombe gani wa kumliza mtu mzima? Akasema tangu astaafu hajasikia sauti ile, akaingia ndani, akatoka amevaa koti jeusi lenye vifungo vya shaba na kofia, akaazima pikapu ya jirani, na kufumba na kufumbua tuko barabarani: wazee mbele, sisi nyuma pamoja na Anjelina na mama yake. Kila tuliposimama wazee waliwanong'oneza watu dirishani, nao wakapanda. Mama mmoja akaniuliza kama ni kweli linatoa moshi, nikamjibu labda ni jiko la nyumbani. Mjomba Gwandu akanigeukia. "Wewe, umewaambia nini hawa watu?" Nikamwambia tunakwenda kuona ng'ombe. Akajifunika uso na mwavuli.

Tukafika. Dume langu lilikuwa zizini linacheua. Mzee Bura akashuka, akaweka kofia sawa, akatazama huku na huku.

"Yuko wapi?"

"Huyu hapa, mzee."

Akachungulia nyuma ya ng'ombe. Mzee Shabani akazunguka nyumba yote, akarudi. "Huko hakuna kitu," akasema.

"Kijana, huyu ni ng'ombe," akasema Mzee Bura.

"Ndiyo, mzee."

"Mimi nimeendesha treni miaka thelathini. Themanini na Nane ni injini ya dizeli."

Basi watu wakaangua kicheko, mmoja akaanguka juu ya uzio wangu ukavunjika. Anjelina alicheka mpaka akaketi chini. Asiyecheka alikuwa baba yake. Alivua kofia akaishika mkononi, na ile aibu yote ya kuchekwa na kijiji haikuniuma kama kuona mzee amevaa koti lake kwa ajili ya kuja kutazama ng'ombe.

"Treni umewahi kuiona?" akauliza.

Nikatazama watu. Nikamtazama Anjelina. "Sijaiona, mzee. Hata reli sijaiona."

"Nilifundisha vijana wengi. Aliyesema sijui, nilikaa naye mpaka akajua. Aliyejifanya anajua nilimshusha njiani, maana huyo ndiye anayeua abiria." Akapanda pikapu. Jibu la posa hakutoa.

Baada ya wiki mbili mjomba akaleta ujumbe: mzee amesema nikaone treni kwanza. Nikapanda basi mpaka Moshi, nikasimama stesheni siku nzima, nikarudi nikakaa mbele yake na kofia mkononi. Akaniuliza nimeona nini.

"Nimeona kitu kikubwa, mzee, kina kelele. Lakini sikuelewa chochote. Hata mbele na nyuma sikujua ni ipi. Naomba unifundishe."

Alinifundisha kuanzia saa nne mpaka jua likazama, na chakula kilipoletwa, aliyekuja kutunawisha mikono alikuwa Anjelina, akanifinya kwa siri. Harusi ikawa baada ya mavuno.

Tangu siku hiyo nimeapa. Nikikuta watu wanasifia kitu kwa namba, iwe baa, iwe kanisani, nasimama palepale mbele ya wote nauliza: samahani jamani, huyo mnayemsema ana miguu au ana magurudumu?